Tulitaka kurudia viapo vya ndoa, pasta akauliza "muliishia wapi?" Nikakumbuka mke wangu hajawahi kunijibu

Wakuu, jioni njema. Nyinyi wa Nakivale, nyinyi wa Mbarara, na nyinyi wa mbali mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawasalimu wote.

Hii ninayoandika ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu Rubondo, huku kambini Nakivale, Uganda, ni ndogo na watu wana macho, ila mambo yalikuwa hivi hivi. Anayedhani natunga aje kanisani kwetu aulize kwa nini siku ile mabenchi yaligeuzwa.

Hayo mabenchi mtayaelewa tukifika.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Wanaoniona sokoni nikibishania maharagwe hawaamini, lakini ndivyo nilivyo. Ninaogopa vitu ambavyo wenzangu hata hawavioni. Kwa hiyo kama unatafuta uzi wa shujaa, huu siyo.

Nina mke, tumwite Faida. Tuna watoto watatu, na mkubwa ni Sifa, binti wa miaka kumi na mitatu mwenye mdomo wa mtu wa arobaini.

Ni Sifa aliyeanzisha haya yote.

Siku moja alikuwa na simu yangu, akaona video ya wazee wawili wamevaa nguo za harusi wanavishana pete upya. Vow renewal. Akaja nayo mbio jikoni.

"Papa, picha za ndoa yenu ziko wapi?"

"Hatuna."

"Hata moja?"

"Mpiga picha alikimbia na kamera yake," nikamwambia. Nikacheka. Mama yake akacheka pia, huku anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Basi mufanye tena. Ona, batu banafanyaka tena."

Nilidhani Faida atamfukuza aende kuteka maji. Badala yake aliweka mchi chini, akafuta mikono, akasema, "Tufanye."

Basi. Neno moja tu, na mipango ikaanza.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Niliita marafiki wawili tukaunda kamati. Tukachagua rangi. Tukapata MC wa bure, jirani yetu, mtu wa maneno mengi, akaanza kuzungumzia mabaluni kabla hatujajua tutapika nini.

Wasiokaa huku niwaambie kitu. Kwetu mtu akisema anarudilia ndoa, watu hawafikirii mapenzi. Wanafikiria dhambi. Wanajua kuna mmoja aliyetoka nje, akatengwa na kanisa, sasa anarudishwa. Bombani mke wangu aliulizwa wazi, "Ni nani alikosea, ni weye ao ni yeye?"

Wengine waliona sherehe wakadhani tumepata voyage, ile safari ya wakimbizi kuhamishiwa Ulaya au Amerika, kwa sababu huku karamu kubwa mara nyingi ni ya kuagana. Mama mmoja wa Kirundi, jirani mwema kabisa, alikuja kuniomba nimwachie mlango wangu wa bati nikisafiri.

Hayo yote yalinichekesha. Hofu ilikuwa haijafika.

Ilifika siku tuliyokwenda kwa pasta.

Pasta wetu, tumwite Elisha, ni mtu wa Kivu ya Kusini kama sisi, na ni mtu wa utaratibu. Mke wake alileta chai. Nikaeleza shida yetu: kisherehe kidogo, viapo, wimbo, maombi, kula, kwisha.

"Hiyo ni muzuri," akasema. "Lakini muanze kuniambia. Kule kwetu, muliishia wapi?"

"Tulibarikiwa, pasta."

"Nimesikia. Minauliza juu batu mingi balitoka kule na ndoa nusu. Bengine balifika kwa pete, vita ikaingia. Bengine maombi tu. Nyinyi muliishia wapi?"

"Karibu na mwisho," nikasema.

Faida akaweka kikombe chini.

"Mi sikujibu, pasta."

"Haukujibu nini?"

"Ile swali. Yeye alijibu. Mi sikujibu."

Wakuu, hebu hesabuni. Miaka kumi na minne, watoto watatu, na sentensi hiyo haikuwahi kutamkwa nyumbani kwangu. Sasa imetamkwa mbele ya pasta, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Ndoa yetu ilipangwa na wazazi. Vijiji vyetu vilikuwa jirani, milimani. Kabla ya harusi nilikuwa nimezungumza na Faida mara mbili tu, na mara zote mbili shangazi yake alikuwa amekaa katikati yetu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilimpenda siku ya kwanza. Yeye sijui. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi sikumuuliza, ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Tulisimama mbele, migongo yetu kwa mlango, kama maharusi wote. Pasta wa kule akaniuliza mimi kwanza. Nikajibu kwa nguvu mpaka watu wakacheka.

Akamuuliza Faida.

Kimya.

Pasta akakohoa kidogo, akauliza tena, polepole.

Kimya.

Halafu ndipo risasi ya kwanza ikalia, upande wa shamba la mihogo.

Nataka muelewe mpangilio huo, kwa sababu ndiyo maisha yangu. Kila mtu aliyekuwepo anasema risasi zilimkata bibi-arusi kauli. Marehemu mama yangu alisimulia hivyo mpaka alipofariki hapa Rubondo. Na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wote. Risasi hazikumkata mtu kauli. Kimya ndicho kilitangulia.

Sitaeleza sana yaliyofuata ndani ya lile kanisa. Wanaojua wanajua, na wasiojua sitaki wajue.

Nilimbeba mama mgongoni kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Tukakimbia na watu wengi mpaka njia panda, chini ya mikaratusi. Njia moja ilishuka ziwani, kwenye mitumbwi ya kuvuka kwenda Tanzania. Nyingine ilielekea bondeni, hadi Burundi. Watu wa kwao Faida wakashika ya ziwa. Mimi nikashika ya bonde, kwa sababu mama alikuwa haogopi risasi kama alivyoogopa maji.

Sikugeuka nyuma. Nilijua nimeshampoteza mke niliyekuwa sijampata.

Nilipochoka nikamshusha mama chini. Nikaona Faida yuko nyuma yetu, gauni limechanika mpaka kwenye paja, mkononi ameshika viatu vya mama.

Tukaendelea kutembea.

Mimi nilijieleza kwamba alipotea. Moshi, vumbi, watu wanasukumana, msichana mdogo amevaa gauni refu, haoni watu wa kwao wamepita wapi, anafuata mgongo wa kwanza anaoutambua. Wakati mwingine hata nilitania mbele ya wageni, "Huyu alijikuta tu kwetu." Alikuwa anatabasamu, haongezi neno.

Mama yake alifika ng'ambo salama, akaishi kambini huko miaka kadhaa, akafia huko. Hawakuonana tena. Habari ilikuja kwa simu. Siku ile Faida alikaa karibu na mlango tangu asubuhi mpaka jua likazama, nami sikumsogelea, kwa sababu niliogopa ataniambia: kama ningeona njia, ningekuwa naye.

Hilo ndilo swali ambalo sijawahi kumuuliza. Je, angeona watu wake, angenifuata?

Sasa turudi kwa pasta.

Elisha aliwaza, akazungusha kikombe, akatoa hukumu.

"Basi hamuwezi kurudilia. Kitu haikuisha, utairudilia namna gani? Hii ni kumalizia. Na kama ni kumalizia, ni ndoa. Minatangaza Siku ya Yenga tatu, mwenye kizuizi aseme. Na bibi-arusi haezi tokea mu nyumba ya bwana-arusi. Aende kwa batu yake mpaka siku."

Siku ya Yenga ni Jumapili, kwa mlio mbali na Kivu.

"Pasta, tuna watoto watatu!" nikasema.

"Watakusaidia kupika," akanijibu.

Faida hakubisha. Kesho yake alifunga begi akaenda Mbarara, Kakoba, kwa mama yake mdogo ambaye ni fundi cherehani. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Aliponiaga alinishika mkono kama mtu anavyomshika mgeni, huku watoto wanatucheka.

Rubondo ilinicheka pia. Nikienda bombani na madumu, akina mama wananitania uchumba, wanaimba, "Fiyanse, leo unapika nini?" Jumapili ya kwanza pasta alipotangaza na kuuliza kama kuna kizuizi, Sifa aliinama akaninong'oneza, "Papa, si mimi ndio kizuizi?" Benchi zima likacheka.

Nami nilicheka. Ila nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Jamani, hebu fikirieni. Kwa miaka yote ile hakukuwa na swali. Tulilala, tuliamka, tulilima, tulizaa. Sasa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na kamati yangu na rangi zangu, nimeandaa siku ambayo mwanamke huyu atasimama mbele ya watu aulizwe upya, akiwa mtu mzima, hana shangazi katikati, hana baba wa kumkazia macho. Anaweza kusema lolote.

Na siku ile nyingine alikuwa amenyamaza.

Wiki ya kwanza alipiga simu kila jioni. Ya pili akapunguza. Nikimuuliza anasema, "Niko na mawazo." Mawazo gani? "Mawazo tu." Halafu simu yake ikazimika. Jumamosi haipatikani, Jumapili haipatikani. Pasta anatangaza mara ya pili, nami nimekaa pale, naangalia watu wanavyonipongeza.

Jumatatu nikapanda gari la asubuhi. Watoto nikawaacha kwa jirani, yule mama wa mlango wa bati.

Mbarara nikachukua boda mpaka Kakoba. Kijana alinifikisha penyewe, nikashuka, nikasimama. Yaani nilisimama tu. Niliona mlango wa mama mdogo, nilisikia cherehani inalia ndani, na miguu ikakataa.

Mwenye boda akanitazama. "Ssebo, huko ndani iko mbwa?"

"Hapana. Iko mke yangu."

"Ah! Basi pole sana," akasema, akawasha pikipiki yake anacheka mpaka akapotea kwenye kona.

Nikapiga hodi.

Mama mdogo alinipokea kwa kelele. "Karibu baba! Umekuja wakati muzuri. Ingia uone bibi yako, pengine weye atakusikia. Anataka robe ifike hapa!" Akajipiga mkono kwenye goti. "Na anataka kuivalia raba! Raba, baba! Ni bibi-arusi ao ni mucheza futiboli?"

Faida alikuwa amesimama juu ya kigoda, gauni jeupe limebanwa na pini. Chini amevaa raba nyeupe za turubai, zimefungwa kamba vizuri. Simu yake, kumbe, ilikuwa kwa fundi wa simu.

Nilianza kucheka kwa raha ya kumwona. Halafu nikaziangalia zile raba vizuri, kicheko kikanikauka. Mimi nilisoma kitu kimoja tu pale: mtu huyu anajiandaa kukimbia.

Mama mdogo akatoka kutafuta soda. Nikamuuliza Faida, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Unataka kukimbilia wapi?"

"Sijue. Fasi yote, popote."

"Kumkimbia nani?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Ile robe ingine ilinifunga miguu. Niliipasula kwa meno. Hii nataka iniache nitembee."

Nikaona aibu. Nikasema kitu ambacho wanaume tunasema tukikosa la kusema. "Hakuna mtu atakuja, Faida. Hapa ni Rubondo."

"Hata kule kulikuwa kwetu," akanijibu.

Akashuka kwenye kigoda, akaketi karibu nami, pini zote bado zimo kwenye gauni. Akaniambia kwamba analala vibaya. Kwamba tangu pasta aanze kutangaza, kila akifumba macho anasikia lile kanisa. Kwamba yuko tayari kufanya sherehe, lakini hatasimama tena na mgongo wake kwa mlango. Hata afe.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakiona kila Jumapili bila kukiona. Mke wangu hukaa benchi la mwisho, pembeni, karibu na mlango. Miaka yote. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya watoto wadogo.

Nilimuonea huruma mpaka nikataka kulia. Na bado, wakuu, bado ule woga wangu mwingine ulikuwa umekaa pale pale. Nikajaribu. "Na ile swali ya pasta…"

Akaniwekea mkono mdomoni.

"Usiniulize weye. Pasta ndiye ataniuliza."

Basi nikarudi Nakivale na jibu hilo. Njia nzima nililigeuza. Mtu ambaye atasema ndiyo, kwa nini asiseme tu ndiyo?

Siku zilizobaki sitazieleza, nilikuwa kama mgonjwa. Nilikula kwa sababu Sifa alinisimamia. Rafiki mmoja wa kamati alinishauri nimwombe pasta aruke swali, aombe tu na kubariki. Nikafikiria sana ushauri ule. Nikaenda hadi kwa pasta, nikafika, nikashindwa kumwomba. Badala yake nikamweleza habari ya mlango.

Pasta Elisha aligeuka akatazama mlango wa nyumba yake. Kumbe naye ana yake, sikuwahi kujua, na hakunieleza. Akasema tu, "Madhabahu haiwezi kuhama. Lakini mabenchi iko na miguu."

Ndiyo maana mabenchi yaligeuzwa.

Vijana waliyageuza Ijumaa jioni. Kanisa zima likatazama mlangoni. Pasta angesimama yeye mlangoni, mgongo wake nje, na sisi maharusi tungemtazama yeye na barabara yote nyuma yake. Wazee wawili walinung'unika kwamba tunampa Mungu mgongo. Pasta akawaambia Mungu si mtu wa kukaa upande mmoja, wakanyamaza.

Mabaluni nikayakataza. MC alikasirika, nikamwambia baluni moja likipasuka humu ndani nitakufa mimi kabla ya mtu mwingine. Ngoma na vigelegele tukasema visubiri mpaka bibi-arusi ajibu.

Akijibu. Nilikuwa natamka neno hilo kwa wapishi na waimbaji kana kwamba ni jambo la ratiba tu.

(Samahani wakuu, nilikatika kidogo, simu ilikuwa inachajiwa kwa jirani mwenye sola. Naendelea.)

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya jua kali. Faida alifika na mama mdogo na watu wa Kakoba, gauni jeupe la magotini, raba miguuni. Wanawake wakatazamana. Sifa alipiga picha nyingi sana, za raba peke yake nadhani zinajaza simu.

Alikuwa mzuri. Nisiposema hivyo nitakuwa mnafiki. Nilimwona akishuka kwenye gari nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa niliona kikamilifu kitu nitakachopoteza.

Wimbo. Maombi. Mahubiri mafupi, na pasta wetu hajui mafupi, kwa hiyo nilijua naye ana wasiwasi.

Akaniuliza mimi. Safari hii sikupiga kelele. Nilisema ndiyo na hata sijui kama benchi la tatu walisikia.

Akamgeukia Faida. Akasoma swali lote, ugonjwa na afya, shida na raha, mpaka kifo.

Kimya.

Nilitazama mbele. Nje ya mlango kulikuwa na kuku wa mtu anaparua, na watoto waliokosa nafasi, na vumbi. Niliangalia yule kuku kwa nguvu zangu zote.

Kimya kikaendelea.

Pasta akakohoa.

Wakuu, alikohoa vile vile. Najua hakukusudia. Nikasema moyoni, imerudi, ni ile ile, hakuna kilichobadilika.

Na hapo bati la juu likalia. Mnajua mabati ya huku yanavyolia yakipata joto. *Ta!* Moja, kavu. Kanisa zima lilishtuka, watu wazima waliinama, maana wote tuliomo ni wa njia moja. Faida alinishika mkono akaubana mpaka mfupa. Alitazama mlangoni. Nami nilitazama raba zake, nikisubiri zianze kwenda.

Hazikwenda.

Akavuta pumzi. Akasema, sauti si kubwa, lakini kwa kimya kile kila mtu alisikia:

"Pasta, hii jibu nilisha kutoa."

"Ulitoa wapi, mama?"

"Kule, kwa njia panda. Siku ile mu kanisa sikujibu juu sikumujua huyu muntu. Ningesema nini? Kisha tukakimbia. Tulifika kwa njia panda, yeye akapita huku na mamake mu mugongo. Mama yangu akapita kule. Mama alikuwa ananiita. Aliniita kwa jina, mara mingi. Nilimusikia."

Mama mdogo alikuwa ameanza kulia kwa sauti.

"Nilimusikia bien. Na nilimuona. Nikaokota biatu bya mamake, nikafwata huyu."

Mimi sikuweza kumtazama. Nilitazama chini tu.

Hakupotea. Hakuna moshi wala vumbi lililomfichia njia. Alisikia jina lake likiitwa na mama yake mzazi, ambaye hakumwona tena, na akachukua viatu vya mama yangu.

Na mimi nimekuwa nikiwachekesha wageni kwamba alijikuta tu kwetu.

Pasta alitoa kitambaa akajifuta uso. Lakini nimeshawaambia huyu ni mtu wa utaratibu. Akasema kwa upole, "Mama, nimesikia. Lakini minaomba unisaidie. Ni ndiyo ao ni hapana?"

Kanisa likacheka huku linalia. Faida naye akacheka.

"Ni ndiyo, pasta. Ilikuwa ndiyo."

Vigelegele vilipopanda niliogopa atashtuka. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeruka.

Tulikula, tulicheza, MC alisema maneno yake yote aliyokuwa ameyabana. Jioni, watu wamepungua, nilimuuliza Faida kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Haukuniuliza," akasema.

"Niliogopa."

"Najua. Na mi niliogopa uniulize. Ningeisema, ningemusikia tena mama."

Hapo nilielewa kwamba nyumba yetu ilikuwa na waoga wawili, kila mmoja akiuzunguka mlango ule ule kwa upande wake.

Nilichojifunza, kwa kifupi, maana najua mnapenda mtu atoe somo. Usimjazie mwenzako kimya chake. Mimi nilikijaza na hapana kwa miaka kumi na minne, na ndani yake haikuwemo. Ilikuwemo bei aliyolipa mtu mwingine, ambayo mimi sikuijua, na sijui kama ningeweza kuibeba ningeijua mapema. Hata sasa furaha yangu ina hofu ndani. Kufuatwa hivyo na mtu si jambo dogo. Unajiuliza kila siku kama ulistahili.

Wenye ndoa nusu kama yetu, wa Burundi, wa Kongo, wa popote, ninyi mliishia wapi? Mlimalizia, au mliacha hivyo hivyo? Andikeni hapa chini, na mnaonicheka kwa uoga wangu chekeni tu, nimeshazoea bombani.

Ah, nilisahau kuwaambia. Mabenchi yamerudishwa yanatazama mbele kama zamani.

Jumapili iliyopita tuliingia kanisani, mimi nikaelekea kule kwetu mwisho, karibu na mlango. Faida akapita. Akaenda hadi benchi la pili kutoka mbele, akaketi, akafungua kitabu cha nyimbo.

Nikamfuata. Ibada nzima yeye aliimba, na mimi ndiye niliyekuwa nageuka kutazama mlango.